Mkono unakufa ganzi usiku, kazi ni ya kuku. Dawa gani inasaidia?

Chalii wa Sakina: Wakuu, niko Arusha, kiwanda kidogo cha kuchinja kuku. Nakata mapaja na vidari kutwa, kwenye baridi. Usiku mkono wa kulia unakufa ganzi, naamka naukung'uta. Asubuhi hata kikombe kinaniponyoka.

Mama Wawili: Pole mwanangu. Chua na mafuta ya nyonyo. Mama mkwe wangu aliteseka hivyohivyo, kumbe ni ule ugomvi wa shamba la Machame, maana shemeji yangu…

Kisu Butu: Mimi kuku nilishaacha kula, wana madawa.

Nesi Pasua: Kidole kidogo nacho kinakufa ganzi?

Chalii wa Sakina: Hapana, ni gumba na viwili vinavyofuata.

Nesi Pasua: Inaelekea mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Kurudia mkato uleule, baridi, na kisu kisichonolewa kinachokulazimisha kukaza. Macho je?

Chalii wa Sakina: Yanawasha, hasa klorini ikikolea.

Nesi Pasua: Ikikutana na damu ndipo inatoa ile hewa kali, inashika mpaka kifua. Nenda hospitali, Mount Meru hapo Arusha au KCMC ya Moshi, mweleze daktari kazi yako, aandike. Kuna fidia ya WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, sheria ya 2008, mchango anatoa mwajiri peke yake. Kazini umeripoti?

Chalii wa Sakina: Bado.

Nesi Pasua: Kwa nini?

Chalii wa Sakina: Mambo mengi.

Mzee Kibo: Kijana, sema ukweli usaidiwe.

Chalii wa Sakina: Niliajiriwa kwa jina la mdogo wangu. Kitambulisho changu cha NIDA kilichelewa, ningekufa njaa? Meneja anajua, anataka nisaini kwamba mkono niliumia nyumbani, anipe laki tatu. Nimeshamkubalia kwa mdomo. Kodi ya nyumba hainisubiri.

Nesi Pasua: Usisaini!

Chalii wa Sakina: Ni rahisi kusema ukiwa na mshahara.

Mzee Kibo: Uongo huzaa uongo. Enzi zetu…

Dalali Njiro: Hii chai, tena ya tangawizi. Wiki iliyopita huyuhuyu alijitambulisha kama dereva wa Noah, Moshi–Arusha.

Chalii wa Sakina: Akaunti hii tunatumia na mdogo wangu.

Dalali Njiro: 😂😂 Jina lake, akaunti yake. Ganzi ni ya nani?

Nesi Pasua: Mwenye ganzi aje inbox leo, kabla hajashika kalamu ya meneja.

Kisu Butu: Hapo kiwandani miguu ya kuku mnauzaje? Nina mbwa.