Dawadawa, uda na yaji katika jiko la Tanga: vitumikeje?

Mpishi wa Ngamiani:
Assalamu alaikum, wanajukwaa. Ninauza mishikaki na supu ya pweza nyakati za jioni hapa Ngamiani, na shemeji yangu anayefanya kazi Lagos ameniletea viungo vya huko: dawadawa, uda, atare, na unga wa yaji unaopakwa kwenye nyama ya suya, yaani mishikaki ya huko. Yaji niliuelewa upesi, kwani mla mishikaki hahitaji kushawishiwa kuhusu karanga na pilipili, ila karibu utakwisha nami ningependa kuutengeneza mwenyewe. Kinachonitatiza ni dawadawa, ambayo harufu yake imetawala kabati zima hata mke wangu akaihamishia uani. Je, vitu hivi vinaweza kuingia katika mapishi ya pwani bila kuyaharibu? Na vikiisha, ni kipi cha soko la Mgandini kinachoweza kushika nafasi yake?

Mzee wa Chumbageni:
Wa alaikumu salaam, kijana wangu. Niliwahi kuishi Kano kikazi, na nakushauri usiitupe dawadawa. Hiyo ni mbegu ya mti uitwao kitaalamu Parkia biglobosa, ambayo huchemshwa kwa saa nyingi hadi ganda lake gumu lilainike, ikamenywa na kuoshwa, ikachemshwa tena, kisha ikafunikwa mahali penye joto kwa siku mbili au tatu ili ichachuke. Wanaofanya kazi hiyo ni bakteria, hasa Bacillus subtilis, ambao huvunjavunja protini na kuacha glutameti kwa wingi. Kwa sababu hiyo kipande kidogo hukoleza sufuria nzima hata kama nyama ni ya kubahatisha, na harufu inayomkera mkeo ni amonia itokanayo na uchachukaji huohuo. Wayoruba huiita iru, watu wa Mali na Burkina Faso sumbala, na Wasenegali netetu, kwa hiyo usishangae ukiikuta kwa majina hayo.

Watu wengi huikosea kwa kuitia mwishoni, kama wanavyofanya kwa giligilani. Itwange, uikaange pamoja na kitunguu mwanzoni kabisa, nawe utaona ukali wa harufu ukipungua na ladha ikibaki. Katika supu ya pweza mimi nisingeitia, kwa kuwa pweza ana ladha yake isiyotaka kushindana na kitu. Ijaribu kwenye mchicha, bamia au kisamvu, tena kisamvu kisichokuwa na nazi nyingi.

Kuhusu mbadala, kiungo kimoja kinachofanana nayo kabisa hatuna, lakini kazi yake tunaijua. Wapishi wa kusini mwa Nigeria husaga kamba wadogo waliokaushwa na kuwatia karibu katika kila mchuzi, na uduvi wa Mgandini hufanya vivyo hivyo. Wasenegali nao hutia samaki aliyechachushwa na kukaushwa, waitaye gejj, katika ceebu jën, ule wali wao wa samaki ulioingizwa na UNESCO mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ng'onda mzuri yuko karibu na ladha hiyo kuliko unga wowote wa mchuzi unaouzwa kwenye pakiti.

Mama Lishe wa Bagamoyo:
Nami naomba nizungumzie yaji, kwa sababu nauona ndio wenye biashara. Usisage karanga nzima, kaka yangu, maana mafuta yake yatafanya unga ugande na kuungua juu ya makaa. Wenyewe hutumia kuli-kuli, yaani mashudu ya karanga yaliyokamuliwa mafuta, yakafinyangwa, yakakaangwa mpaka yakakauka, ndipo yakasagwa pamoja na tangawizi kavu, pilipili kavu na chumvi. Chagua karanga zako punje kwa punje na uzitupe zilizoota ukungu au kusinyaa, kwani sumukuvu haiondolewi na moto wa jikoni. Sote tunakumbuka vifo vya Dodoma na Manyara mwaka 2016, ingawa vile vilitokana na mahindi. Tafadhali waambie wateja kuwa nyama hiyo ina karanga, kwa sababu wapo wenye mzio nazo na kwa macho hawatazitambua.

Mkulima wa Amani:
Kwa atare usihangaike, ndugu. Ni jamaa ya iliki, na huku milimani iliki tunayo ya kutosha. Tia iliki tu.

Mzee wa Chumbageni:
Hapo sikubaliani nawe, ndugu Mkulima, pamoja na heshima yote kwa iliki ya Amani. Ni kweli kwamba atare, yaani Aframomum melegueta, iko katika ukoo mmoja na iliki na tangawizi, lakini udugu wa mimea haumaanishi udugu wa ladha. Atare inawasha. Wazungu waliinunua karne nyingi zilizopita kama pilipili, hata pwani ya Liberia wakaiita Pwani ya Pilipili. Mwenye kutia iliki nyingi kwenye mishikaki atakuwa ameifanya inukie kama chai ya maziwa. Pilipili manga kutoka hukohuko Muheza, ikichanganywa na tangawizi kavu na chembe moja tu ya iliki, itamfikisha karibu zaidi.

Mpishi wa Ngamiani:
Nawashukuru nyote. Nimeelewa kuhusu dawadawa, mashudu na pilipili manga. Uda bado haujatajwa.

Mama Lishe wa Bagamoyo:
Uda ni zile ganda ndefu nyeusi, kaka. Zipasue, uzichemshe katika supu ya mbuzi au ya samaki, kisha uzitoe kabla ya kupakua, kwa kuwa harufu nzuri imo katika ganda na mbegu zake ni chungu. Zikibaki, jirani yako muuza kahawa anaweza kuzifaidi: Senegal ipo kahawa ya Touba, mji wa wafuasi wa Sheikh Amadou Bamba, ambayo buni yake husagwa pamoja na uda, na wengine huongeza karafuu. Kwa wanywaji wa Tanga waliokwisha kuzoea kahawa chungu yenye tangawizi, sidhani kama itawapa taabu.