Re: Ofa ya mdomo, barua hamna, halafu wanataka tarehe ya kuanza

Dada wa Leicester
Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Naomba ushauri wa haraka. Niko hapa Uingereza kwa viza ya kazi, Skilled Worker, sponsa wangu wa sasa (mwajiri anayenidhamini) nina miaka miwili naye. Nimefanya intavyuu tatu kampuni nyingine, kazi ya ukonsaltanti wa mifumo, Alhamisi iliyopita bosi wao akanipigia kasema hongera umepata, barua kesho. Hiyo kesho imepita, Jumatatu imepita, leo Jumatano. HR nikipiga naambiwa mwenye faili yuko likizo. Halafu jana usiku wananitumia fomu nijaze tarehe ya kuanza! Barua yenyewe hamna, mshahara haujaandikwa popote. Notisi yangu huku ni mwezi. Swali langu ni moja tu: nikijaza tarehe wakaiweka kwenye CoS, yaani cheti cha udhamini anachotoa sponsa, halafu viza ikachelewa, ile tarehe inasogezeka au CoS ndo imekufa? Nisaidieni, bosi wangu wa sasa nishaanza kumkwepa kwenye korido.

Mkongwe wa Slough
Marahaba mwanangu. USITOE NOTISI. Mimi 2011 niliahidiwa hivyohivyo kwa simu, nikaaga kazini, wenzangu wakanunua keki na kadi wamesaini wote mpaka yule asiyenisalimiaga, jioni ileile napigiwa naambiwa bajeti imekatwa. Jumatatu narudi kuomba kiti changu, nakuta keshaahidiwa mtu. Keki nilibeba nyumbani nikaila wiki nzima. Maneno ya simu ni upepo.

Wakili wa Mtaani
Mzee heshima yako lakini si upepo. Kisheria hapa makubaliano ya mdomo ni mkataba kabisa, kazi ni kuthibitisha. Na maelezo ya ajira kwa maandishi ni haki yake, toka 6 Aprili 2020 anatakiwa apewe mwisho siku ya kwanza ya kazi, zamani walikuwa na miezi miwili. Dada mwandikie huyo bosi imeli fupi, kama tulivyoongea Alhamisi, cheo hiki, mshahara huu, nasubiri barua. Hata asipojibu umeshaacha alama.

Mkongwe wa Slough
Siku ya kwanza ya kazi! Si kazi ya zamani ushaiacha? Sasa umemsaidia nini. Na huko mahakamani aende na nauli ya nani.

Mama Wawili, Reading
Nyie mnabishana mtoto wa watu anangoja. Mdogo wangu, barua ikija soma kama ofa ina masharti, maana hapo bado kuna marejeo, waajiri wako wa nyuma wanaulizwa, kuna kukaguliwa haki ya kufanya kazi, wengine wanataka na DBS, cheti cha rekodi ya jinai. Mpaka yote yakamilike ndo utoe notisi. Halafu hilo neno konsaltanti liangalie vizuri, wa kuajiriwa na wa kujitegemea ni watu wawili tofauti! Mi nilijua naajiriwa, nafika siku ya kwanza napewa makaratasi ya amberela, kampuni ya katikati inayokulipa kwa kazi za wakala, malipo ya kwanza naona NI yangu, bima ya taifa, imekatwa na ya mwajiri nayo nimekatwa mimi, nililia kwenye basi mpaka nikapitiliza kituo. Na sasa ya mwajiri ni asilimia 15 toka Aprili 2025.

Kontrakta Mstaafu
Mama Wawili hapo umechanganya. Ile ya mwajiri haikatwi kwenye mshahara wako, inatolewa kwenye hela ambayo wakala anaipa amberela, KABLA mshahara wako haujapigiwa hesabu. Ndo maana kiwango cha siku unachotajiwa na mshahara havifanani. Kilichotumaliza sisi ni IR35, sheria ya kodi ya makontrakta wanaofanya kazi kama waajiriwa. Nilikuwa na kampuni yangu ndogo, maisha safi, Aprili 2017 wakaanza na kazi za serikali, tukakimbilia binafsi, Aprili 2021 wakatufuata hukohuko, mteja ndo anaamua wewe ni kontrakta au mwajiriwa, na mteja mkubwa kwa uoga wake anakwambia mwajiriwa tu.

Mama Wawili, Reading
Mfukoni kwangu haikuingia. We iite unavyotaka.

Wakili wa Mtaani
IR35 inamhusu nini jamani? Yuko Skilled Worker, kazi yake kuu lazima sponsa amwajiri. Cha muhimu asianze huko hata siku moja kabla viza mpya haijatoka, kutuma maombi peke yake haitoshi. Na mshahara, toka 22 Julai 2025 kiwango cha chini cha jumla cha viza hiyo ni pauni 41,700 kwa mwaka, ndo maana barua ni lazima.

Kontrakta Mstaafu
Si kwa wote bwana wakili. Waliopata viza hiyo kabla ya 4 Aprili 2024 wana kiwango chao, kidogo kuliko hicho. Soma kwanza ndo uandike.

Kijana wa Coventry
Mi niko Graduate, viza ya waliomaliza chuo huku, naruhusiwa hata kujiajiri, ila HR wakiona viza ina mwisho hawakupigii tena. Yangu inaisha Februari. Siku zingine nawaza nirudi tu nyumbani, kule angalau ukinyimwa kazi unajua ni nani kakunyima na unaweza kwenda kumsalimia.

Mkongwe wa Slough
Haya yote dawa yake uraia pacha. Mimi mpaka leo nimeng'ang'ania ILR, ukaazi wa kudumu, kwa sababu nikichukua uraia wa huku, wa Tanzania naupoteza, mama yangu kazikwa kule, niende kumwombea kwa viza ya mtalii? Wenzetu Wakenya walimaliza hiyo mambo kwenye katiba ya 2010.

Mkenya wa Luton
Tulimaliza, na bado HR hawajibu imeli zangu.

Wakili wa Mtaani
Mzee hoja ya uraia pacha tuliijadili hapa mwaka jana mpaka watu wawili wakajitoa. Tusianze.

Mkongwe wa Slough
Nani ameanza? Wewe ndo umeniita upepo.

Dada wa Leicester
Asanteni wote, imeli kwa bosi nimetuma. Barua bado. HR kaniandikia leo asubuhi anauliza kwa nini sijajaza tarehe, wakati wenzangu wote wameshajaza, sijui wenzangu gani. Sasa ile tarehe kwenye CoS, inasogezeka au haisogezeki?

Mama Wawili, Reading
Usijaze mwenzangu, wanakupima.

Kontrakta Mstaafu
Wanampima nini, ni fomu tu, jaza tarehe ya mbali.

Mkongwe wa Slough
Kuna mtu anaruka Jumamosi? Nina kilo tisa za kutuma Dar, nguo tu na dawa za presha za shangazi.