Kutafuta mkandarasi wa ulinzi na usafi wa mtaa Kariakoo, mnaandikaje zabuni?

FremuYaKona:
Wakuu habari za jioni. Sisi wafanyabiashara wa mtaa mmoja hapa Kariakoo, fremu 46, tumekubaliana kila fremu itoe elfu arobaini kwa mwezi, jumla 1,840,000, tupate kampuni ya kulinda usiku, kufagia alfajiri kabla mizigo haijaanza kushuka, na kuzibua mtaro maana ikinyesha nusu saa tu maboksi ya chini yote yanaloa. Ukatibu nimetupiwa mimi, sikuuomba 😅 Nikapigia kampuni nne, leteni kotesheni ya walinzi 4 na wafagiaji 3. Zimekuja karatasi nne kila moja na lake, mmoja kaandika mstari mmoja tu "usafi na ulinzi 1,150,000", wengine 1,900,000 na 2,100,000, wa mwisho 2,600,000 kurasa sita na picha za mabuti. Wanachama wanasema mpe wa chini tumalize ila mimi roho inasita. Na je inabidi tupitie NeST, ule mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni? Povu ruksa.

Mzee wa Bahasha:
NeST ni ya taasisi za umma mkuu, nyie hela yenu wenyewe. Lakini kosa mmelifanya nyie sio wao, huwezi kumwambia mtu kwenye simu "usafi" halafu ulinganishe bei. Andika ukurasa mmoja, wote wapewe huohuo: mtaa unaanzia duka gani unaishia wapi, walinzi wanaingia saa ngapi, mtaro unazibuliwa mara ngapi kwa mwezi, taka inabebwa na nani kwenda wapi, vifaa vya nani. Bei waichambue kila kitu na mstari wake. Waite waje waukague mtaa saa kumi na moja alfajiri, sio mchana, halafu bahasha zifunguliwe siku moja mbele ya wanachama, katibu usizifungulie dukani kwako peke yako utakuja kusemwa.

Shangazi Mhasibu:
Ngoja tupige hesabu ya huyo wa 1,150,000. Watu 7, gawa, ni kama 164,000 kwa kichwa na hapo bado hajanunua hata ufagio. Kama kasajiliwa VAT na hiyo bei ina 18% ndani yake, anabaki na kama 975,000, yaani 139,000 kwa mtu, humo humo atoe NSSF, sare, tochi, gari la taka na faida yake. Haiwezekani, labda alete walinzi wawili aseme wanne. Na walinzi 4 kila usiku maana yake anahitaji angalau watano, mtu lazima apumzike siku moja kwa wiki, muulize huyo wa tano kamhesabia wapi.

Kidole Juu:
Sisi yalishatukuta, tulichukua wa chini. Wiki ya kwanza mtaa unang'aa, wiki ya tatu tukaanza kusikia harufu, kumbe jamaa hana gari, mifuko anairundika nyuma ya transfoma kafunika turubai la bluu. Mkataba ulikuwa nusu ukurasa, hamna kipengele cha kukata hela wala notisi ya kuvunja. Na kikundi hakikusajiliwa so niliyesaini ni mimi kwa jina langu, tulipomfukuza akaja kunidai MIMI miezi miwili. FremuYaKona sajilini kwanza, fungueni akaunti ya kikundi, halafu mjaribuni mtu miezi mitatu.

Mbondeni:
Mimi niko Cape Town, huku katikati ya mji mfumo huu upo toka 2000. Tofauti ni kwamba anayetozwa ni mwenye jengo, makato yanakuja pamoja na bili yake ya jiji, jiji linakusanya halafu linawapa kampuni yao isiyo ya faida, hiyo ndo inaajiri makandarasi. Kwenu mwenye fremu anachangia kwa hiari, so mwezi biashara ikiwa mbaya kumi wanagoma, msisaini bei ya kula 1,840,000 yote. Na huku ni nyongeza tu juu ya kazi ya jiji. Nyie ada ya taka si mnalipa tayari? Kaeni na serikali ya mtaa mjue gari lao linapita siku gani, msije mkalipia taka hiyohiyo mara mbili.

FremuYaKona:
Asanteni sana, hilo la ada ya taka hata halikutujia. Shangazi hesabu nimeirusha kwenye grupu, wale wa "mpe wa chini" kimya. Jumamosi tunaandika upya huo ukurasa, wote wanne waanze sifuri. Huyo wa 1,150,000 nimempigia sasa hivi nikamuuliza taka zetu utazipeleka wapi, kajibu "mtatuonyesha bosi".