Mjadala: Niachane na Hilux nichukue Prado, au nibaki kuwa gari la ukoo?

Mleta mada, Njombe

Heshima kwenu wakuu. Nina Hilux Vigo ya milango minne, ya 2012, dizeli lita 3.0, gia za mkono. Huu ni mwaka wa saba niko nayo. Kuna jamaa Makambako ana Prado ya 2011, dizeli, otomatiki. Kaanza kazi za ujenzi, anataka pikapu. Tubadilishane, mimi nimwongezee milioni 22. Jumapili niliijaribu Prado yake mpaka Igwachanya na kurudi, mke wangu kakaa mbele. Tulipoteremka akasema, "Leo mgongo haujui kama nimesafiri."

Sijaja kuuliza gari lipi ni zuri. Hilo hata kijana wangu wa darasa la tano analo jibu. Shida yangu ni kwamba Hilux ile kwenye kadi ina jina langu, lakini mtaani na kijijini ni gari la ukoo. Simu ikiita saa nane usiku najua ni mgonjwa au ni marehemu. Mwenye gari dogo anaambiwa aje msibani. Mimi naambiwa nije na gari.

Nina daftari kwenye dashibodi. Nilianza kuandika tarehe za kubadilisha oili, nikajikuta naandika na safari za watu. Mwaka jana mzima zilikuwa 31. Misiba tisa, harusi tatu, wagonjwa sita, zilizobaki ni saruji, mabati, viazi, na mbuzi mmoja wa mahari aliyetafuna kamba ya turubai mpaka ikakatika. Katika hizo 31, waliojaza mafuta ni saba. Wengine walinishukuru. Sidharau shukrani, ila EWURA wakitangaza bei ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, shukrani haimo.

Baba mdogo aliposikia habari ya Prado alinyamaza, akachokonoa meno, kisha akauliza, "Na jeneza litakaa wapi?"

Ndiyo nawaletea. Mtu mwenye pikapu sehemu kama zetu ana haki ya kuiachia kwa ajili ya raha ya nyumba yake, au kuna deni hapo?

Mama wa watatu, Mbeya

Haki anayo, na kachelewa. Kaka, sisi tulikaa na pikapu miaka tisa. Kiti cha nyuma mgongo wake umesimama wima kama benchi la kanisa, kwa sababu kebini inaishia palepale, hauna pa kulala. Mtoto akisinzia kichwa kinaanguka mbele, unakishika kwa mkono kutoka Mbeya mpaka Ileje. Krismasi moja mabegi yetu yalisafiri nyuma na dumu la mafuta ya taa la jirani. Sare ya binti yangu ilifuliwa mara nne, bado akiingia darasani wenzake walikuwa wanamuuliza kama kwao wanauza taa.

Mnapenda kusema jamii, jamii. Mbona jamii haijui bei ya tairi? Siku shokapu zilipokufa, jamii ilikuwa wapi? Chukua Prado, mkeo apumzike. Mgonjwa atalala kiti cha nyuma cha Prado vizuri kuliko kwenye bodi la pikapu juu ya godoro.

Mstaafu, Ludewa

Kamwene, mwanangu. Nimesoma, na mama wa Mbeya nimemsoma pia, sina ugomvi naye.

Mwaka 1998, mvua zile za El Niño, barabara yetu ilikatika sehemu nyingi. Shemeji yangu alishikwa na uchungu wa uzazi. Tulimbeba kwa machela, miti miwili na blanketi, wanaume wanane tukipokezana mabega, kuanzia alfajiri. Mahali penye utelezi wanne walitangulia chini kuzuia, wanne juu. Tulifika jioni. Mama alipona, mtoto hapana.

Siku hizi mnapita kwenye zege kutoka Lusitu hadi Mawengi, mnaona Ludewa ni karibu. Barabara kuu imehamia mjini, vitongoji vimebaki palepale. Kwa hiyo unapouliza kama kuna deni, mimi nasema lipo.

Lakini na hili niliseme. Zamani aliyeazima hakuja mikono mitupu. Ng'ombe wa kulimia ukimwazima, unamrudisha ameshiba, na debe la mahindi juu yake. Hatukuita nauli, ila ulijulikana ulicholeta. Sasa mtu anabebewa mabati 40, anateremka anafuta vumbi la suruali, anasema Mungu akubariki. Hiyo si desturi yetu, huo ni uvivu mpya.

Fundi, Makambako

Mkuu, mambo ya ukoo siyawezi, mimi nitaongelea chuma.

Kwanza ujue injini ni ileile. Vigo yako ya 3.0 na hiyo Prado zote zina 1KD-FTV. Kwa hiyo milioni 22 hununui nguvu, unanunua bodi na miguu. Na ugonjwa ni uleule pia: washa za shaba, zile pete ndogo za kuziba chini ya nozeli, zikichoka, moshi wa kwenye silinda unapenya kwenye oili, oili inageuka lami, inaziba chujio lililo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Taa ya oili ikiwaka umeshachelewa. Waliolipuuza hilo wananipa kazi kila mwezi. Mkanda wa taimingi nao unataka kubadilishwa kwenye kilomita 150,000 hivi, na dashibodi inayosoma 140,000 kwenye gari la 2011 mimi huwa naicheka kimoyomoyo.

Pili, muulize huyo jamaa Prado ilitoka wapi. Japani waliacha kuuza Prado ya dizeli kwao 2007, wakairudisha 2015. Kwa hiyo dizeli ya 2011 yenye usukani kulia haikutoka mnadani Japani. Ama iliuzwa mpya hapa nchini, ama ilitumika nje, na nyingi ninazoziona ni za Uingereza. Wenzetu kule majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Juu rangi inang'aa, chini fremu imeliwa. Lala chini na tochi na bisibisi, gonga fremu usawa wa matairi ya nyuma. Ikilia kama debe, simama ujipanguse uage.

Tatu, baadhi ya Prado hizo nyuma hazina springi, zina mifuko ya hewa. Nenda asubuhi kabla gari halijawashwa. Likiwa limekaa kama mbwa anayengoja chakula, mifuko inavuja, na bei yake utaniambia wewe.

Haya, na sifa zake. Prado inasukuma magurudumu manne muda wote, ina difu ya katikati inayoacha magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa mwendo tofauti. Hilux yako kwenye lami ni magurudumu ya nyuma tu, na ukiweka 4H, yaani magurudumu manne, kwenye lami kavu unaumiza mfumo kwa sababu hakuna difu hapo katikati ya kuachia. Ndiyo maana Hilux tupu kwenye mvua ya Njombe mkia unacheza. Mwenyewe nilikuwa naweka mifuko miwili ya mchanga nyuma kila Novemba. Prado pia ni fupi kati ya tairi na tairi, milimita 2,790 kwa 3,085, karibu sentimita 30. Kwenye kona za shambani na mifereji utaona tofauti. Springi za Hilux, vile vyuma bapa vilivyopangana, vimetengenezwa vikiwaza tani ya mzigo. Bila mzigo vinarusha watu, havina kosa.

Kwa chuma peke yake, kama hubebi, Prado. Kama unabeba hata mara mbili kwa wiki, kaa na Hilux.

Dereva wa watalii, Karatu

Fundi kamaliza. Naongeza dogo. Jarida la Sweden, Teknikens Värld, waliijaribu Hilux 2007, kizazi hichohicho cha Vigo, wakairudia ile mpya 2016. Jaribio lenyewe ni kukwepa kikwazo ghafla gari likiwa na mzigo. Mara zote mbili matairi ya upande mmoja yaliiacha lami. Sisemi Prado haipinduki, nimewahi kuvuta moja kutoka mtaroni. Ila unayebeba waombolezaji 14 nyuma wameshikana mabega, ukitokewa na ng'ombe, hayo si maneno ya jarida tena. Na askari akikukuta na watu bodini, faini ni yako, siyo ya ukoo.

Mkulima, Nakuru

Huku Kenya hesabu ni tofauti kidogo, bwana. Pikapu ni gari la biashara: ukaguzi wa NTSA, wale wa usalama barabarani, kila mwaka, na KRA, watu wa kodi, wanataka ushuru wao wa mapema hata kama unabeba nyasi za ng'ombe wako tu. Nilibadilisha nikachukua Prado. Miezi minne baadaye nikanunua trela. Sasa navuta trela na Prado, na majirani wanaazima trela. Jueni hilo.

Mleta mada, Njombe

Nimesoma wote. Mzee wa Ludewa, shikamoo, na pole kwa yule mtoto hata kama ni miaka mingi.

Nikiri kitu. Nilipoandika mwanzo nilitanguliza mgongo wa mke wangu, na ni kweli anaumwa. Lakini usiku nikiwa peke yangu, ninachokiwaza ni kwamba nikiwa na Prado hakuna atakayeniomba nibebe saruji. Sitalazimika kukataa. Gari litakataa kwa niaba yangu, lina kapeti.

Mfanyabiashara wa mbao, Mafinga

Basi umejijibu, mkuu. Unataka kununua neno hapana kwa milioni 22. Mimi nalitumia kila siku pale Mafinga na halijanigharimu hata mia.

Na usijidanganye na kapeti. Kaka yangu alinunua Land Cruiser akidhani hivyo hivyo. Alipigiwa simu kubeba bibi harusi, kisha wazee wa kanisa, kisha mgeni wa diwani. Pikapu wanakuazima maskini, shangingi wanakuazima wakubwa, na wakubwa mafuta ndiyo hawaweki kabisa. Afadhali mwenye mabati, siku ya mavuno anakukumbuka na gunia.

Mama wa watatu, Mbeya

Mfanyabiashara umeongea, lakini mgongo wa kiti bado umesimama wima pale pale. Neno hapana halilaliwi.

Mleta mada, Njombe

Mrejesho, wakuu. Jumamosi nilikwenda Makambako saa kumi na mbili asubuhi bila kumwambia jamaa, nikiwa na fundi. Si huyu wa hapa, mwingine. Prado ilikuwa nje ya geti, ubavu wa kushoto nyuma umeshuka kama vidole vitatu. Fundi akaingia chini. Nilikuwa nasikia bisibisi inagonga, ko, ko, ko, halafu mahali pamoja ikatoa sauti nyingine, kama kugonga sufuria lililotoboka. Akatoka na vipande vya kutu kwenye kiganja, vyembamba kama maganda ya kitunguu, akaninyooshea bila kusema. Kwenye boksi la mbele kulikuwa na kitabu cha sevisi, mihuri yote ya Uingereza.

Jamaa si mtu mbaya, alishtuka kweli. Alishusha mpaka milioni 15. Nikamwambia ngoja.

Nyumbani mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema nichukue, hakusema niache. Alisema, "Kama unabaki na hiyo, Jumapili haitoki hapa." Nikamjibu Jumapili haitatoka. Akasema, "Na Jumatano." Jumatano sikuelewa ni ya nini, lakini nimekubali.

Jana tulikaa na baba mdogo na kaka zangu wawili. Nilifungua daftari, nikawasomea safari zote 31, moja moja, na nani aliweka nini. Nilipofika kwenye mabati ya kaka mkubwa alianza kukohoa. Tumekubaliana mzigo wa kawaida mafuta yanawekwa kwanza, ndipo ufunguo unatolewa. Mgonjwa na marehemu havimo kwenye hesabu. Kubeba watu nyuma basi, hata kwa harusi. Hapo kwa harusi walipiga kelele sana, mpaka sasa shangazi mmoja hapokei simu yangu. Kama itashika au haitashika, sijui, mavuno ya viazi ndiyo kipimo.

Milioni 22 haitoki yote. Naweka shokapu mpya nyuma, naweka kanopi, lile paa la kufunika bodi, watoto wapate pa kuweka mabegi makavu, na kwa mgongo wa mama watoto tutapanda basi safari za mbali. Mama wa Mbeya, kuhusu kiti kusimama wima sina jibu, umenishinda.

Sasa naomba msaada wa mwisho. Mwenye kanopi ya Vigo ya milango minne, maeneo ya Njombe, Makambako au Mafinga, aweke picha na bei. Isiwe ile yenye kidirisha kidogo nyuma. Nataka inayofunguka mlango mzima, jeneza lipite.