Nimeongeza ruta ya pili uani, sasa waifai inashika ila intaneti inachagua nani apate nani asipate

Mama_Stesheneri (Jumanne, saa 3:12 usiku)

Wadau habari za usiku. Niko Kigoma mjini, Mwanga, nina stesheneri mbele ya nyumba, nafanya fotokopi, kuprinti na kuwajazia watu maombi ya mtandaoni, vyuo, ajira, vyeti vya kuzaliwa. Intaneti yangu ni ya faiba, kile kiboksi cheupe cha kampuni kipo dukani na mwaka mzima hakijanisumbua. Shida ilikuwa nyuma huku tunakoishi, nyumba ni ya tofali za kuchoma kuta nene, waifai ikifika sebuleni imeshachoka, chumba cha mwisho anacholala mwanangu wa kidato cha nne hamna kitu kabisa.

Jumamosi mdogo wangu alikuja na ruta aliyokuwa anatumia chuoni Dar, tukanunua waya wa netiweki mita 30 tukaupitisha darini mpaka uani, akachomeka kwenye lile tundu la bluu la ruta, ikapewa jina UANI na ikafanya kazi vizuri tu. Kilichobaki ni kwamba nikiwa uani simu haiioni printa ya dukani, na mimi usiku ndo namalizia kazi za watu. Jumapili jioni akahamisha waya kutoka kwenye bluu akauweka kwenye moja ya yale matundu ya njano, kweli printa ikaonekana, lakini kuanzia hapo uani intaneti ikawa inakuja inapotea. Yeye kashaondoka na basi la asubuhi. Jana umeme ukakatika, uliporudi na dukani nako kukaharibika, kompyuta moja inafungua kila kitu, ya pembeni yake inaandika imeunganishwa hakuna intaneti, na zote ziko kwenye kiboksi kilekile!! Leo nimekuwa na binti anajaza maombi ya chuo mwisho kesho, nimemsogezea kwa bando la simu yangu ila hatujamaliza, kesho anarudi tutume. Kampuni nimepiga wanasema kwao laini iko safi, na taa nyekundu kweli haiwaki. Nifanyeje?

kijana_gungu (saa 3:25 usiku)

Shikamoo mama. Chukua pini bonyeza kile kitundu cha riseti nyuma ya kiboksi cha kampuni, shikilia sekunde kumi mpaka taa zote zizime, kikiwaka kinaanza upya, mimi ya kwangu ilipona hivyo.

Fundi_Ujiji (saa 3:31 usiku)

Dada yangu tafadhali USIBONYEZE hicho kitundu. Mdogo wangu wa Gungu najua unasaidia, na kwa ruta ya laini ya simu haina neno sana, ila kiboksi cha faiba mara nyingi ndani yake kuna jina na paswedi ya PPPoE, yani ya kukitambulisha kiboksi kwenye mitambo ya kampuni, ambayo walijaza siku ya kufunga. Ukiriseti inafutika, na kama huna karatasi yake inabidi uwasubiri wao, na kesho una binti wa watu. Kuzima na kuwasha sawa, kile kitundu hapana.

Nadhani nimeshaliona tatizo ila nataka uhakika. Kwenye kompyuta inayopata na ile isiyopata, fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika ipconfig, soma mstari wa IPv4 Address na ule wa Default Gateway. Kwenye simu gusa jina la waifai uliyoshika, ingia kwenye maelezo yake, namba iko humo. Nitumie zote, usiogope kuziandika hapa, zinazoanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba tu, mtu wa nje hawezi kuzitumia kukuingilia.

Mama_Stesheneri (saa 3:58 usiku)

Asante kaka, nimeandika kwenye daftari moja moja. Kompyuta ya kuprinti inapata, 192.168.1.14, gateway 192.168.1.1. Ya wateja haipati, 192.168.0.103, gateway 192.168.0.1. Simu yangu iko UANI haipati, 192.168.0.105. Simu ya mwanangu iko UANI hiyohiyo inapata, 192.168.1.22. Ona sasa, tumekaa kochi moja.

Fundi_Ujiji (saa 4:20 usiku)

Basi ndo penyewe, angalia ile namba ya tatu. Wenye 1 wanapata, wenye 0 hawapati, na wala si suala la kochi.

Iko hivi. Kila kifaa kikiingia kwenye mtandao kinaita kwa sauti, nani atanipa anwani? Anayejibu ni huduma inaitwa DHCP, na pamoja na anwani anakuambia mlango wa kutokea nje ni upi. Kiboksi cha faiba kinagawa za 192.168.1 na kinasema tokeni kwa 192.168.1.1, ambako kweli intaneti ipo. Ruta ya mdogo wako nayo ina DHCP yake, inagawa za 192.168.0 na inasema tokeni kwangu. Waya ulipokuwa kwenye bluu, yani WAN, haikuwa na shida, maana ruta ilikuwa inaomba intaneti upande mmoja na kugawa upande wa pili, pande mbili hazichanganyiki, ndo maana hata printa simu haikuiona. Waya ulipohamia njano, yani LAN, nyumba na duka zikawa chumba kimoja chenye wagawaji wawili. Mgeni kashuka stesheni anauliza njia ya Kibirizi, mmoja anamwonyesha barabara, mwingine anamwonyesha ukuta, na mgeni anamfuata aliyewahi kujibu. Uani ruta iko karibu ndo inawahi mara nyingi, mwanao kabahatika tu.

Na kwa nini dukani kulienda vizuri mpaka umeme ulipokatika, ni kwamba kompyuta zilikuwa bado zimeshika anwani zake za zamani, haziombi upya kila dakika. Umeme uliporudi vyote vikaomba kwa mpigo, na kile kiboksi cha faiba kwa kawaida kinachukua muda kuamka, lazima kwanza kisalimiane na mitambo ya kampuni, wakati ruta ndogo imeshaamka inagawa.

Kwa usiku huu nenda dukani chomoa ule waya unaokwenda uani, zima washa kompyuta ya wateja, itarudi kwenye 1 na binti atamaliza. Uani mtalala bila.

Kesho ukipata nafasi, waya wa dukani ukiwa BADO umechomolewa, chukua laptopu na kiwaya kifupi, chomeka kwenye tundu la njano la ruta ya uani. Fungua brauza, pale juu kabisa kwenye anwani andika 192.168.0.1, usiandike kwenye sehemu ya kutafuta Google. Jina na paswedi ya kuingilia viko kwenye stika chini ya ruta kama mdogo wako hakubadilisha. Tafuta kwanza kama kuna sehemu imeandikwa Operation Mode au Access Point, ruta nyingi za sasa wanayo, ukichagua Access Point inazima ugawaji yenyewe. Kama haipo, ingia Network, LAN, badilisha 192.168.0.1 iwe 192.168.1.2, hifadhi, itajiwasha upya. Ingia tena sasa kwa 192.168.1.2, nenda DHCP Server, weka Disable, hifadhi. Fuata mpangilio huo, anwani kwanza DHCP mwisho, ukianza na DHCP ukashahifadhi anwani mpya laptopu itakosa wa kuipa namba utajikuta umejifungia nje. Alafu rudisha waya wa dukani, njano kwa njano, tundu la bluu libaki tupu.

Mnyamwezi_Ipuli (Jumatano, saa 12:40 asubuhi)

Mwangaluka wadau, niko Tabora. Fundi kaeleza vizuri mno, naongeza kitu kimoja kilichonitesa wiki nzima kwenye gesti ya mjomba wangu hapa Ipuli. Hiyo 192.168.1.2 kabla hujaitumia ingia kwanza kwenye kiboksi cha faiba uone kinagawa kuanzia ngapi. Vingi vinaanza kugawa kutoka 2 hapohapo, kwa hiyo siku moja kitampa mtu namba 2 wakati ruta ya uani nayo ni 2, zinagongana. Kwetu iliyoichukua ilikuwa printa ya mapokezi, kila ikiwashwa waifai ya korido nzima inakufa, tukawa tunalaumu umeme. Badilisha kianze kugawa kutoka 20, huku chini kote unabaki nako kwa vitu vyako vya kudumu. Na printa yako mpe namba ya kudumu, mfano 192.168.1.10, kwenye setingi za printa yenyewe, maana ikibadilika namba baada ya umeme kukatika kompyuta zitakuwa zinaitafuta pale ilipokuwa jana.

La pili ni huo waya darini. Mita 30 ni kidogo, waya wa netiweki unavumilia mpaka 100, ila usiulaze pamoja na nyaya za umeme wala usiguse bati. Hapa kwetu masika radi inapiga sana, tumeshapoteza ruta kwa radi iliyopita kwenye waya unaotoka jengo moja kwenda jingine, taa zinawaka vizuri ila matundu yote ya nyuma yamekufa. Mawingu yakifunga chomoa pande zote mbili, na umeme pia.

Mama_Stesheneri (saa 1:05 asubuhi)

Nimesoma mara tatu. Usiku nilichomoa waya, kompyuta ya wateja imerudi kwenye 1, na binti kafika saa 12 na nusu tumetuma, namba ya uthibitisho kaipata, Mungu awabariki. Swali moja, wateja huwa wananiomba paswedi ya waifai wakisubiri fotokopi na mimi huwapa, ni sawa?

Fundi_Ujiji (saa 1:30 asubuhi)

Hapo mimi nakataa kabisa dada. Kwenye kompyuta zako kuna vitambulisho vya watu na vyeti vyao, aliye kwenye waifai yako yumo ndani ya mtandao wako na hizo kompyuta. Kwenye kiboksi cha faiba tafuta Guest Network, washa, ipe jina la duka na paswedi yake, hao wanapata intaneti tu, printa na kompyuta hawazioni. Ifanye kwenye kiboksi, sio kwenye ruta ya uani, maana ile ikishakuwa Access Point mara nyingi wageni wake hawatenganishwi na wenyeji. Paswedi ya zamani ibadilishe, washaijua mtaa mzima, na WPS, ile njia ya kuunganisha waifai bila kuandika paswedi, izime.

Jina la waifai uani unaweza kuweka sawa na la dukani na paswedi ileile, simu itahama yenyewe ukitembea. Chaneli za waifai ya 2.4 GHz ndo usifananishe, kama duka liko 1 uani weka 6 au 11, hizo tatu haziingiliani.

Mama_Stesheneri (saa 2:47 usiku)

Nimerudi. Kiboksi kweli kilikuwa kinagawa kuanzia 2, nimeweka 20. Ruta ya uani haikuwa na hiyo Access Point, nimefuata njia ndefu, ilipojiwasha upya nilihangaika, nikiandika 192.168.1.2 haifunguki, kumbe laptopu ilikuwa bado imeng'ang'ania namba ya 0, nikachomoa kiwaya nikachomeka tena ikafunguka. DHCP nimezima. Printa nimeipa 10. Saa 11 jioni nikazima swichi kubwa ya umeme makusudi, nikawasha, nikapita kifaa kimoja kimoja na daftari langu, vyote tisa vinaanza na 192.168.1.

Sa hivi nimekaa kwenye kitanda cha mwanangu chumba cha mwisho, nimetuma barua ya mteja kurasa mbili kwa simu, na kwa mbele huko naisikia printa inavuta karatasi.