Bunduki ya ribiti inateleza na ribiti zinalegea: ninunue nyingine au hii inatengenezeka?

Mjenga Makabati

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu. Ninatengeneza makabati na masanduku ya vifaa kwa bati jembamba la chuma, na viungo vyote ninavifunga kwa ribiti za kuvuta kwa mkono, zile za alumini zenye msumari wa chuma katikati. Bunduki yangu ya ribiti imeanza kunisumbua kwa namna tatu. Ninapobana vipini, meno huteleza juu ya msumari, hata inanilazimu kubana tena na tena ndipo msumari ukatike. Kipande cha msumari kilichokatika nacho wakati mwingine hunasa ndani na hakitoki hata nikiitikisa bunduki. La tatu ndilo linaloniumiza kichwa zaidi: baadhi ya ribiti huonekana zimekaa vizuri, lakini baada ya muda bati huanza kucheza.

Ninatumia ribiti za milimita 4.0 na za 4.8, na matundu yote ninatoboa kwa biti ya milimita 5. Je, ninunue bunduki mpya?

Tupa na Jiliwa

Ndugu, usinunue kwanza. Matatizo yako mawili ya mwanzo ni ya bunduki, na yote mawili kwa kawaida hutengenezeka. La tatu halihusiani sana na bunduki, na hilo nitawaachia wengine.

Ukielewa kinachotendeka ndani utajua mahali pa kutazama. Nyuma ya mdomo, yaani ncha ya mbele unapochomeka msumari wa ribiti, kuna meno mawili au matatu yaliyokaa ndani ya ganda lenye umbo la koni. Unapobana vipini, ganda huvutwa nyuma, na mteremko wa koni huyasukuma meno yakutane na kuushika msumari. Kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo yanavyozidi kung'ata. Unapoachia, ganda hurudi mbele pamoja na meno, meno hugonga sehemu ya nyuma ya mdomo, yakafunguka na kuuachia msumari. Kwa hiyo meno yakiteleza, ama mifereji yake imejaa unga wa chuma, ama yamelika, ama springi inayoyasukuma imechoka. Na yakikataa kuachia, shuku mdomo uliolegea, kwa kuwa hauyafikii meno ili kuyafungua.

Fungua mdomo kwa spana, kisha fungua bomba la mbele ukiwa umeiinamisha bunduki juu ya kitambaa, maana springi huweza kuruka na kupotea. Panga vipande kwa mfuatano uleule vilivyotoka. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, sugua mifereji ya meno kwa brashi ya waya, kisha yatazame kwenye mwanga mzuri. Yakiwa na makali yanayoonekana, yarudishe. Yakiwa laini na yanang'aa, tafuta seti mpya ya meno na uyabadilishe yote kwa pamoja, kwa sababu jino jipya likikaa na la zamani litabeba mzigo peke yake. Usijaribu kuyanoa kwa tupa: ni chuma kilichokomazwa, na ukiondoa hata kidogo hayatakaa sawasawa ndani ya koni.

Mkono Mzito

Naongezea juu ya mdomo, kwa sababu watu wengi huufunga mmoja na kuusahau. Bunduki huja na midomo kadhaa, kwa kawaida ya ribiti za milimita 2.4, 3.2, 4.0 na 4.8. Wewe unatumia saizi mbili, basi ni lazima ubadilishe unapotoka moja kwenda nyingine. Ukivuta ribiti ya 4.0 kwa mdomo wa 4.8, pengo linabaki kuuzunguka msumari, na kichwa cha ribiti huvutwa kuingia ndani ya mdomo. Ndipo unapoona kichwa kimebonyea au kibaki cha msumari kimechomoza kama mwiba. Pima hivi: msumari upite kwa uhuru, lakini usicheze sana. Kisha kaza kwa spana, si kwa vidole.

Bati Jembamba

Hili la tatu jawabu lake liko katika sentensi yako ya mwisho kuhusu matundu. Ribiti ya milimita 4.0 inahitaji tundu la 4.1, na ya 4.8 inahitaji 4.9, ya 3.2 inakwenda na 3.3. Tundu la milimita 5 kwa ribiti ya 4.0 linaacha nafasi ambayo mwili wa ribiti hauwezi kuijaza yote, hivyo bati linashikiliwa na vichwa viwili peke yake, na mtetemo wowote huanza kulisogeza. Hakuna bunduki, hata ya bei ya juu kiasi gani, itakayokuponya na hilo.

Baada ya tundu, angalia urefu. Kila boksi la ribiti limeandikwa unene wa kazi ambao ribiti hiyo inashika, kuanzia kima cha chini hadi cha juu, na unene huo ni wa tabaka zote kwa pamoja, wala si wa bati moja. Ribiti fupi haibaki na mwili wa kutosha kuunda kichwa cha nyuma. Ndefu mno nayo ina hila yake, kwani huweza kuvimba mbali na bati na msumari ukakatika kabla tabaka hazijabanwa, huku upande wa mbele ukionekana safi kabisa.

Ondoa pia mabaki makali yanayoachwa na biti pembeni mwa tundu, hasa yale yaliyo katikati ya tabaka mbili, kwa kuzungusha biti kubwa kwa mkono. Yakibaki hapo, bati haligusani na bati, na siku yatakapobonyea ribiti italegea. Bana tabaka kwa klampu kabla ya kuvuta, simamisha bunduki wima juu ya kazi, na ukandamize kichwa kiguse bati tangu mwanzo hadi msumari ukatike. Kwa mshono mrefu mimi huanza katikati na kwenda pembeni, ili bati lisijikunje.

Mkono Mzito

Naongeza hili kabla sijasahau: unaunganisha bati la chuma kwa ribiti za alumini. Ndani ya nyumba kavu si neno. Masanduku hayo yakikaa kwenye unyevu, alumini ndiyo italiwa kwanza inapogusana na chuma. Kwa kazi za nje tumia ribiti za chuma zilizopakwa zinki. Zinavutwa kwa nguvu zaidi, na ile ya milimita 4.8 huchosha mkono mmoja haraka, kwa hiyo tafuta bunduki ya mikono miwili yenye vipini virefu. Tafadhali usichomeke bomba kwenye vipini vya bunduki ndogo ili kuongeza nguvu. Pini za maungio hupinda, na hapo ndipo utakapoinunua mpya kweli.

Mjenga Makabati

Nawashukuru sana. Nimeifungua, na mifereji ya meno ilikuwa imejaa unga uliogandamana na mafuta; makali yenyewe bado yapo. Baada ya kuisafisha na kuukaza mdomo, inakata kwa kubana mara moja au mbili na kipande kinadondoka chenyewe. Yamebaki maswali mawili. Nimeshauriwa niiloweke yote kwenye oili kila mwisho wa wiki, ni sahihi? Na ribiti zilizolegea nizitoeje bila kuyapanua matundu zaidi?

Fundi wa Zamu

Mimi huiloweka yangu na haijawahi kunitupa.

Tupa na Jiliwa

Kwa heshima, ndugu yangu, sikubaliani nawe. Unga uliogandamana na mafuta ndio huohuo alioukuta mwenye uzi. Mahali panapohitaji oili nyepesi ni mgongo wa meno, pale yanapoteleza dhidi ya koni, pamoja na pini za vipini. Tone moja moja latosha. Ile mifereji inayong'ata msumari iache ikiwa kavu. Tena mwaga vipande vya misumari baada ya kazi, badala ya kuvisubiri vijikusanye ndani.

Bati Jembamba

Kuhusu kutoa ribiti, vaa miwani ya kinga kwanza, kisha gonga kibaki cha msumari kitoke kwa panchi nyembamba. Usiruke hatua hiyo, maana biti ikikutana na chuma katikati ya alumini huteleza na kulichana bati. Baada ya hapo toboa kichwa kwa biti yenye kipenyo sawa na cha ribiti, usiizidishe, na usimame mara tu kichwa kinapoachia. Mwili uliobaki usukume kwa panchi. Ribiti ikizunguka pamoja na biti, ingiza ncha ya bisibisi bapa chini ya kichwa uizuie.

Matundu uliyoyatoboa kwa milimita 5 hayajapotea. Yale yaliyokuwa na ribiti za 4.0 weka za 4.8, kwani kwa hizo tundu la 5 bado linakubalika. Tundu lililokwisha kuwa na umbo la yai liwekee washa upande wa nyuma ili kichwa kipate mahali pa kushika, lakini kumbuka kuuhesabu unene wa washa unapochagua urefu. Angalia pia umbali kutoka ukingoni: kuanzia katikati ya tundu hadi ukingo wa bati pawe angalau mara mbili ya kipenyo cha ribiti, yaani takribani milimita 10 kwa ribiti ya 4.8. Tundu lililo karibu zaidi ya hapo liache, utoboe jingine ndani zaidi, na kati ya tundu na tundu uache angalau mara tatu ya kipenyo.