Wodi ya Chake Chake: bustani ya ndani ipitishe upepo, isizae mbu

mjenzi_pemba: Assalaam alaykum. Tunachora wodi ya vitanda 20, ua wenye bustani katikati. Tuanzie wapi?

pepo_mbili: Waalaykum salaam. Anza na upepo, maua baadaye. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, na jua la asubuhi na jioni halitachoma kuta hizo. Madirisha yawe pande zote mbili. Dari ikiwa mita 3, upana usizidi mita 15, la sivyo hewa hufia katikati. Shirika la Afya Duniani linataka lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa wa wodi ya kawaida, yaani 1,200 kwenu. Wavu wa mbu hula upepo mwingi: panua dirisha, wavu ubaki. Vyumba vya kifua kikuu visifungukie ua huo kabisa.

mtunza_ua: Bwawa la mapambo, hapana. Maji yakikaa wiki moja tu mbu wanatoka. Sakafu ya ua iteremke sentimita 1 kwa kila mita. Migomba na mananasi hushika maji kwenye makwapa ya majani, msiipande. Mkungu na mwembe huita popo, kinyesi kitajaa madirishani. Mnazi juu ya njia ya wagonjwa? Nazi haiombi radhi. Mwarobaini unafaa, mbali na makaro kwa sababu ya mizizi.

mjenzi_pemba: Ahsanteni. Feni tuziache?

pepo_mbili: Hasha. Tangambili, yaani majira kati ya kaskazi na kusi, upepo hutulia, mtazihitaji.